Kilemba cha Ukoka: Je, Mwenye Jina Bila ya Amri Ataulizwa?

Mwezi wa Rajabu uliopita tulikwenda Busia na Malaba, huko mpakani mwa Kenya na Uganda, kuwazuru ndugu zetu. Huenda wengi katika wasomaji wetu wa Mombasa, Lamu na Malindi hawaijui nchi ile ila kwa majina yaandikwayo juu ya hati za shehena. Lakini haipiti wiki ila vijana wetu huwako huko, madereva na utingo wa malori yatokayo bandarini, wakingoja zamu ya kuvuka, na wakati wa sala ukiingia hutandika mikeka yao kando ya magurudumu. Siku ya tatu ya ziara yetu tuliitwa Kocholia, si mbali na Malaba, tukasomesha baada ya sala ya Isha uani kwa mwenyeji wetu.

Darsa ilipokwisha na watu kuanza kuondoka, mzee mmoja alibaki amekaa. Alitia mkono katika mfuko wa kanzu yake akatoa muhuri wa mpira, akauweka juu ya mkeka mbele yetu. Akasema: "Sheikh, mimi ni mwenyekiti wa kamati ya msikiti mwaka wa saba huu. Msikiti wenyewe sitautaja. Barua zote za kuomba msaada huandikwa kwa jina langu, na fedha zikija, sahihi huwa yangu. Lakini zitokako sikujui, wala ziendako sikujui. Wanaoamua ni watu wawili watatu wenye elimu ya ofisini. Mimi huletewa karatasi karibu na magharibi, nikaambiwa, tia hapa mzee, nami nikatia. Mwaka juzi watu walichangishwa kisima. Kisima hakipo. Watoto wa chuo wangali wakibeba maji kwa madumu. Nami nikipita sokoni huamkiwa, shikamoo mwenyekiti. Sina amri hata ya kubadilisha taa ya msikitini. Je, Siku ya Kiyama nitaulizwa kisima kile?"

Kijana mmoja aliyekuwapo alitutangulia kujibu. Alisema: "Mzee wangu, mkono usioweza kuukata, ubusu. Wewe huna neno. Watakaoulizwa ni waliokula." Watu wakatutazama sisi. Tulimwambia yule mzee kwamba swali lake ni zito, na kwamba tutalijibu kwa maandishi katika karatasi hii. Tulinyamaza usiku ule, wala hatukunyamaza kwa hekima. Tulinyamaza kwa haya, na sababu yake tutaitaja kabla ya kumaliza.

Swali la mzee huyu si lake peke yake. Hapana mji wa Waislamu usio na mtu aliyevikwa kilemba cha ukoka: amepewa jina la ukubwa, akapigiwa magoti, akawekwa mbele katika picha, na amri iko mikononi mwa wengine. Na wenye kuvishwa kilemba hicho wamegawanyika makundi mawili. Wako wasiojua kwamba ni ukoka, wakajiona ni wakubwa kweli. Hawa ujinga wao ni udhuru wa nusu. Wako na wanaojua, nao husema moyoni: jina ni langu, tendo si langu, basi na dhambi si yangu. Maneno yetu yawahusu hawa wa pili. Je, hoja yao yasimama?

Jambo hili si geni katika Uislamu. Lilimpata mtu aliyekuwa na jina kubwa kuliko majina yote ya zama zake, naye ni Khalifa wa Baghdad, al-Muti' lillah. Tutaeleza habari zake kwa urefu kidogo, kwani ndani yake mna hoja ya yule mzee na jawabu lake pamoja.

Makhalifa wa Bani Abbas walianza kupoteza amri muda mrefu kabla yake. Mwaka 324 wa Hijra (936) Khalifa al-Radi, baada ya hazina kuwa tupu na askari kudai mishahara, alimpa mkuu mmoja wa jeshi, Ibn Ra'iq, cheo cha Amiri wa Maamiri, akamwachia majeshi na makusanyo ya kodi. Tangu siku hiyo khalifa akawa kama mwenye nyumba aliyempa mpangaji funguo zote, akabaki na chumba kimoja. Miaka kumi baadaye, mwaka 334 (945), Bani Buwayhi, watu wa milima ya Daylam huko Uajemi, waliingia Baghdad. Mkubwa wao, Ahmad, alipewa na Khalifa al-Mustakfi lakabu ya Mu'izz al-Dawla, maana yake mwenye kuipa dola nguvu. Haukupita muda mrefu ila huyo mwenye kuipa dola nguvu alimdhania khalifa kwamba anamfanyia njama.

Siku hiyo khalifa alikuwa amekaa juu ya kiti chake mbele ya watu. Wakaja Wadaylam wawili wakamnyoshea mikono. Yeye alidhani wanataka kumbusu mkono, akawapa. Wakamvuta wakamwangusha kutoka kitini, wakamtia kilemba chake mwenyewe shingoni, wakamkokota kwa miguu mpaka nyumbani kwa Amiri. Baadaye alipofolewa macho, akafa kifungoni. Basi kijana wetu wa Kocholia aliyetutajia methali ya kubusu mkono na aikumbuke habari hii. Wako wabusuo mkono kwa kushindwa kuukata, na wako waubusuo ili wauvute.

Siku hiyo hiyo alitawazwa binamu yake, al-Fadl bin al-Muqtadir, akapewa lakabu ya al-Muti' lillah, yaani mwenye kumtii Mwenyezi Mungu. Watu wa Baghdad walijua kwamba anayetiiwa katika mji ule ni mwingine. Khalifa huyu alipangiwa matumizi ya dirham 2,000 kwa siku, na baadaye akapewa mashamba badala yake. Hakuwa na waziri, kwani waziri alikuwa wa Amiri. Yeye aliachiwa katibu wa kumwandikia hesabu za mashamba yake. Hakuwa na askari. Alichobakishiwa ni jina lake katika khutba ya Ijumaa, jina lake katika sarafu, na kuidhinisha vyeo vilivyokwisha kugawanywa na wengine. Akakaa hivyo miaka 29 kwa hesabu ya Kiislamu, muda mrefu kuliko makhalifa wengi waliokuwa na majeshi.

Katika miaka hiyo yalitukia mambo mawili, nasi twataka msomaji wetu ayaweke ubavu kwa ubavu.

La kwanza ni la mwaka 350 (961). Mtu mmoja wa nyumba mashuhuri ya makadhi, Ibn Abi al-Shawarib, aliutaka ukadhi mkuu wa Baghdad, akafanya mapatano na Mu'izz al-Dawla kwamba ataulipia dirham 200,000 kila mwaka. Wanahistoria wamesema huyu ndiye wa kwanza kuukodi ukadhi kama akodiye mtu soko au kivuko. Amiri alikubali, akamvisha joho la cheo, na ngoma zikapigwa mbele yake. Al-Muti' hakuweza kumzuia. Lakini alikataa kumwidhinisha, na akaamrisha mtu huyo asiingie kwake, wala asionekane katika baraza lake hata siku za maandamano ya rasmi. Basi. Hakufanya zaidi ya kufunga mlango wa nyumba yake.

Kadhi yule alihukumu watu vivyo hivyo. Ila kila aliyekwenda mahakamani kwake alijua kwamba ukadhi ule umenunuliwa, na kwamba khalifa, japo hana nguvu, hakuutia baraka zake. Na mwaka 352 aliuzuliwa, akawekwa mwingine bila ya malipo yale, na hukumu zake zikabatilishwa. Hatusemi kwamba mlango uliofungwa ndio uliomwangusha. Twasema kwamba alipoanguka, hapana aliyeweza kusema kuwa khalifa alikuwa mshirika wake.

La pili ni la mwaka 362 (972 au 973). Warumi wa Konstantiniya walikuwa wameishambulia nchi ya Jazira, wakaua na kuteka. Watu walikimbilia Baghdad wakalia misikitini wakitaka jihadi. Amiri wa zama hizo alikuwa Bakhtiyar, mwana wa Mu'izz al-Dawla, mtu wa kuwinda na kustarehe. Alimpelekea khalifa ujumbe kumtaka atoe fedha za jihadi, kwani jihadi ni wajibu wa Imamu wa Waislamu. Jawabu ya al-Muti' imehifadhiwa katika vitabu vya tarikh, na maana yake ni hii. Alisema kwamba wajibu huo ungemlazimu lau dunia ingalikuwa mkononi mwake na angalikuwa na mali na askari. Ama hali yeye hana ila riziki isiyomtosha, na nchi zote wamezishika wao, basi si jihadi iliyo juu yake, wala hija, wala jambo lolote waangaliwalo maimamu. Wao hawana kwake ila jina hili litajwalo juu ya mimbari zao, ambalo kwalo huwatuliza raia wao. Na wakitaka ajiuzulu na jina hilo pia, yu tayari kuwaachia yote.

Hapana katika historia jawabu la mnyonge lililo la wazi kuliko hili. Lakini hakujiuzulu. Alitishwa, akauza nguo zake na vyombo vya nyumba yake, akalipa dirham 400,000, habari ikaenea mpaka kwa mahujaji kwamba khalifa amenyang'anywa mali. Bakhtiyar alizitumia fedha zile katika haja zake, na habari ya jihadi ikafa. Mwaka uliofuata khalifa, ambaye maradhi ya kupooza yalikuwa yamemlemea, alilazimishwa na mkuu wa askari wa Kituruki amwachie ukhalifa mwanawe, al-Ta'i'. Haikupita miezi mingi akafariki.

Sasa natupime. Aliposema kwamba jihadi haimlazimu, al-Muti' alisema kweli. Sheria yetu haimkalifishi mtu asiloliweza, na hili hapana wanaohitilafiana. Mtu asiye na jeshi hataulizwa kwa nini hakuongoza jeshi. Kwa hiyo yule mzee wetu, kama kamati ile ingalijenga kisima kibovu kwa uamuzi asioshirikishwa, na yeye hakuutilia mkono, tungalimwambia: lala usingizi wako.

Lakini mafakihi wana kanuni ya pili iliyo dada wa ile ya kwanza, nayo ni kwamba jepesi liwezekanalo halianguki kwa sababu zito limeshindikana. Asiyeweza kusimama katika sala huketi, wala haambiwi kwamba sala imemwondokea. Kadhalika Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba mwenye kuona uovu auondoe kwa mkono wake, akishindwa kwa ulimi, na akishindwa kwa moyo. Daraja ni tatu, wala hapana ya nne iliyo ya kutia muhuri. Al-Muti' mwaka 350 hakuwa na mkono, akatafuta kilichobaki, akaona kimebaki kizingiti cha mlango wake, akakitumia. Huku ndiko kuuliza kwa haki. Mnyonge huuliza: nimebakiwa na nini? Anayejifanya mnyonge huuliza: nimenyang'anywa nini? kisha akakaa.

Na katika jawabu yake ya mwaka 362 liko neno moja ambalo lapindua hoja ya wote wasemao "mimi ni jina tu". Alisema kwamba kwa jina lile wao huwatuliza raia. Basi jina lile lilikuwa na kazi! Bani Buwayhi walikuwa na panga, na farasi, na kodi za Iraki. Wao wenyewe walikuwa wa madhehebu ya Kishia, wala hawakuwa na itikadi ya kuwafungamanisha na khalifa wa Bani Abbas. Lau jina lile lingalikuwa tupu wangalilitupa siku ya kwanza. Hawakulitupa, kwa sababu panga huwatisha watu lakini haliwatulizi, na jina la khalifa liliwatuliza. Basi mwenye jina ana kitu ambacho mwenye nguvu hana, naye anakihitaji. Na mwenye kitu kinachohitajiwa hawezi kusema kwamba hana kitu.

Wala hatuna haja ya kwenda Baghdad kulijua hili. Wazee wetu wa Mwambao walilishuhudia kwa macho yao. Unguja iliingizwa katika himaya ya Waingereza mwaka 1890, na mwaka uliofuata hazina yake ikashikwa na Waingereza, na sultani akapangiwa fungu lake la mwaka, kama dirham za al-Muti'. Tarehe 27 Agosti 1896 Sayyid Khalid bin Barghash, aliyeingia katika jumba la kifalme bila ya ridhaa yao, alipigwa mizinga ya manowari, na mambo yakamalizika kwa muda usiofika saa moja. Siku ile ile akatawazwa Sayyid Hamoud bin Muhammed, kama alivyotawazwa al-Muti' siku aliyokokotwa al-Mustakfi.

Ama ukanda wetu wa pwani wa maili kumi, kwa mapatano ya Disemba 1895 ulitiwa chini ya utawala wa Waingereza kwa malipo ya paundi 11,000 kila mwaka, na bendera nyekundu ya sultani ikabaki ikipepea juu ya Ngome ya Mombasa. Kodi zilikusanywa na wengine, ardhi ikagawanywa na wengine, magavana wakaletwa na wengine. Bendera ilikuwa yetu. Nasi twajua jinsi bendera ile ilivyowatuliza wazee wetu. Walipoitazama walisema, nchi ingali ya Sayyid. Wengi hawakuzinduka mpaka ulipokaribia uhuru, wakapigania haki za Mwambao hali wakati umekwisha. Tarehe 8 Oktoba 1963 ukatiwa sahihi mkataba wa kuuunganisha ukanda ule na Kenya, bendera ikateremshwa, na mwezi wa Januari 1964 usultani wenyewe ukapinduliwa.

Hatuandiki haya kuwatukana masultani. Sayyid Khalifa bin Harub, aliyekaa juu ya kiti tangu 1911 mpaka 1960, alipendwa na watu wake kwa upole wake, na wengi wamemwombea rehema. Tunalotaka ni msomaji atazame ile paundi 11,000 ya kila mwaka. Hapana mfanyabiashara anunuaye kitu kisicho na thamani mwaka baada ya mwaka kwa miaka karibu sabini. Dola iliyokuwa na manowari iliona kwamba jina la sultani juu ya ukanda ule lina thamani ya kulipiwa. Basi je, mwenye jina ataweza kusema, sikutoa kitu?

Na kule kule tulikokwenda kuna mfano wa tatu. Si mbali na Busia uko mji wa Mumias, uliochukua jina la Nabongo Mumia, mfalme wa Wanga. Misafara ya watu wetu wa pwani ilifika kwao tangu zama za baba yake, Shiundu, na Uislamu ukaingia kwa njia hiyo, na Mumia mwenyewe akasilimu. Mwaka 1894 Waingereza waliweka kituo chao kwake. Mwaka 1895 walipowapiga vita Wabukusu, watu wa Wanga walikuwa pamoja nao. Zama hizo nchi yote ile ilihesabiwa ni ya Uganda, na haikuingizwa upande huu mpaka 1902. Mwaka 1909 Mumia alipewa cheo cha Chifu Mkuu, na jamaa zake na mawakili wa Wanga wakawekwa kuwa machifu juu ya makabila jirani yasiyokuwa yake, hata kwa Wateso wa huko tulikokaa.

Cheo kilikuwa kikubwa, lakini amri ilikuwa ya wazungu wa wilaya. Mwaka 1920 waliyahamisha makao ya utawala wakayapeleka Kakamega, na mwaka 1926 wakamstaafisha. Aliishi mpaka 1949, mzee sana, akaziona jirani zake zikiwakataa mmoja mmoja wale machifu waliowekwa kwa jina la Wanga. Sisi hatumhukumu marehemu. Alikuwa baina ya majirani wenye mikuki na wageni wenye bunduki, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye udhuru wake. Lakini twauliza: kodi ile, na kazi ile ya kulazimishwa, na viboko vile, wananchi waliviandika kwa jina la nani? Aliyetia amri hakumjua mtu jina lake. Alikuja, akahamishwa, akaenda zake Uingereza. Jina lililobaki kijijini ni lile lililoazimishwa. Mwenye kuazimisha jina lake hulipa deni kwa jina lake.

Hapa msomaji mwenye akili atatupinga. Atasema: mnamwambia mnyonge ajiuzulu, na akijiuzulu atawekwa mwingine aliye muovu zaidi, basi je, si bora abaki apunguze shari? Hoja hii ni ya haki, wala hatuitupi. Nabii Yusuf (a.s.) aliomba cheo katika dola isiyokuwa ya dini yake. Lakini tazama aliomba nini. Aliomba awekwe juu ya hazina za nchi, akataja kuwa ni mlinzi na ni mjuzi. Hakuomba jina. Aliomba funguo za ghala, ili akiulizwa habari ya punje ajue imekwenda wapi. Basi mwenye kubaki ili apunguze shari, na aonyeshe shari aliyoipunguza. Akiweza kuionyesha, kubaki kwake ni ibada. Na ikiwa kila mwaka karatasi ni zile zile na muhuri ni ule ule na kisima hakichimbwi, hakupunguza shari. Ameipa kivuli.

Na asidhani mtu kwamba kukataa kwa mnyonge hakuna faida. Baada ya al-Ta'i' kuuzuliwa mwaka 381 (991) alitawazwa al-Qadir billah, naye kama wenzake hakuwa na jeshi. Mwaka 394 Amiri wa wakati ule, Baha' al-Dawla, alimteua mtu mmoja mtukufu kwa vyeo vinne pamoja, na mmoja wao ni ukadhi mkuu. Al-Qadir aliviachia vitatu vipite, akaukataa ukadhi mkuu peke yake, na ukadhi ule haukupita. Hakukataa kila kitu, kwani asingaliweza. Alichagua mahali pa kusimama, akasimama. Akakaa katika ukhalifa miaka 41, na alipokufa mwaka 422 (1031) jina la khalifa lilikuwa na uzito kuliko alivyolikuta. Unyonge wao ulikuwa mmoja, yeye na waliomtangulia. Aliyewapita ni kwa sababu jina lake hakulitoa bure.

Basi jawabu letu kwa mzee wetu ni hili, nasi tumempelekea kwa barua kabla ya kulichapisha hapa. Mzee wetu, hutaulizwa kwa nini hukukichimba kisima, kwani fedha hukuzishika. Utaulizwa muhuri. Waliotoa shilingi zao hawakuwatolea wale vijana wasiowajua. Walilitolea jina lako na mvi zako. Amana hiyo ilikuwa yako wewe, nawe uliikabidhi kwa wengine bila ya kuwauliza. Lakini mlango wa toba u wazi, na uliobakiwa nayo si machache. Usitie sahihi juu ya karatasi usiyosomewa. Waambie hesabu isomwe mbele ya watu baada ya sala ya Ijumaa. Wakikataa, useme mbele ya mashahidi kwamba uliwataka wakakataa. Na wakikataa mara ya pili, simama uurudishe muhuri mbele ya jamaa, uwaambie sababu. Hilo la mwisho al-Muti' alilitaja, asilitende. Wewe huna askari wa Kidaylam mlangoni. Unachokiogopa ni kukosa ile shikamoo ya sokoni.

Wala tusiwasahau wale wenye kukisuka kilemba. Wao dhambi yao ni mbili: wamekula mali, na wamekula heshima ya mzee. Na sisi umma tuna fungu letu. Ni sisi tupendao kuchagua mwenyekiti kwa ndevu zake na kanzu yake, kisha tukamnyima daftari. Tukitaka mtu awe baraka tu, tumwombe dua, tusimpe muhuri. Na tukimpa muhuri, tumpe na daftari.

Imebaki ile haya yetu ya Kocholia. Miaka kadhaa iliyopita sisi wenyewe tuliombwa jina letu liwekwe juu ya karatasi za jumuiya moja ya kusaidia mayatima. Tulifurahi, kwani jina letu lilipigwa chapa vizuri, la kwanza katika safu. Hatukuhudhuria mkutano hata mmoja, wala hatukuuliza hesabu. Siku moja alitujia mjane nyumbani, akasema: "Maalim, nimeliona jina lako, ndipo nikaandikisha wanangu. Nimengoja miezi minane." Tulimjibu maneno ambayo twaona haya kuyaandika. Tulimwambia kwamba sisi ni jina tu. Alitutazama kidogo, akachukua mkono wa mwanawe mdogo akatoka. Jina lile tulikwisha kuliondoa, lakini mtazamo wa mama yule haujaondoka. Ndiyo maana muhuri ulipowekwa juu ya mkeka usiku ule hatukuweza kumtolea mtu fatwa upesi.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe nguvu ya kutimiza tuyawezayo, na atusamehe tusiyoyaweza, na atulinde na majina tusiyoyafanyia kazi. Amin.